Kipande cha Getini

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
Mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kama umefika mstari huu basi bahasha umeifungua, na kwa hilo tu nakushukuru. Najua mwandiko umeutambua tangu nje, na najua ungekuwa na haki ya kuitia jikoni kuwashia moto. Haina matusi. Matusi nilishakutumia mwaka jana, kwa ujumbe wa simu, na ndiyo yanayonifanya leo nishike kalamu.

Je, hali yako? Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa ubavu huku ukisema ni mtindo? Dawa za presha nakuomba usizikatishe ukijisikia nafuu, maana nakujua. Na mwanao, kaka Mrefu, hajambo? Tangu uhamie kwake sijui hata kama nyumba yenu ina dirisha la kuingiza jua la asubuhi unalolipenda. Nimesikia mkewe amejifungua mapacha. Nilisikia kwenye foleni ya benki, kwa mtu baki kabisa, nikaitikia "ndiyo, najua" kwa aibu. Habari za nyumbani kwangu naletewa na watu wa foleni.

Sisi huku wazima wa mwili. Mimi bado niko mapokezi kwa daktari wa meno, nauliza watu wanapiga mswaki mara ngapi kwa siku, nao wananijibu mara tatu huku meno yenyewe yanatoa ushahidi. Miaka sita nasikiliza uongo wa mswaki, nikadhani uongo naujua kwa sura. Mume wangu anatengeneza friji za mji mzima, ya kwetu inavuja, tumeiwekea beseni. Baba mkwe alifariki mwezi wa saba, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu. Yeye mlionana, Shangazi, ila hukujua ni nani. Nitafika hapo.

Nisizunguke. Shangazi, mimi sikujua kwamba ulikuja kwenye harusi yangu. Mwaka mzima na miezi miwili nimeishi nikijua kwamba ulikataa kuja. Nimejua ukweli Jumamosi ya wiki iliyopita, saa tisa mchana, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu useme lolote.

Unakumbuka nilikuambia kwenye simu kwamba harusi nitaifanya ndogo, watu themanini tu, lakini kitu kimoja sitakibana, nacho ni video. Sababu unaijua wewe kuliko mtu yeyote. Baba alinifia nikiwa na miaka sita, na nilichobaki nacho ni ile picha ya kitambulisho, amekaza macho kama anashtakiwa. Sauti yake siijui. Sijui alikuwa anachekaje. Nikajiapiza kwamba siku yangu itashikwa yote, watu wangu wote wawemo wanatembea na kusema, ili hata mtu akitoweka asitoweke wote. Nilimpa mpiga video karatasi ya watu ambao lazima wawemo, na jina la kwanza juu kabisa lilikuwa lako.

Tulitafuta mtu wa kazi hasa, si binamu mwenye simu nzuri. Ana studio nyuma ya saluni, kamera tatu, mataa, na waya za kutosha kuanikia nguo za mtaa mzima. Alituhoji kuliko msajili wa ndoa: nani analia haraka, nani hataki kupigwa upande wa kushoto, nani haongei na nani. Hilo la mwisho nilimjibu kifua mbele, nikamwambia kwetu hakuna. Baadaye tulimbatiza jina la Rudia, kwa sababu siku yenyewe kila kitu kilikuwa rudia. Tumeingia ukumbini, rudia. Nimevishwa pete, rudia, kidole kimejificha. Mume wangu alidondosha chozi la kweli, la kwanza tangu nimjue, akaambiwa alirudie lile chozi kwa kugeukia dirishani.

Mume wangu, kama nilivyokusimulia, ni mtu wa kusoma mpaka ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kwenye mkataba aliongeza mstari kwa kalamu: tutapewa filamu iliyotengenezwa, na pamoja nayo tutapewa picha na sauti zote ghafi, yaani kila kitu vifaa vilichokinasa kabla hakijakatwa, kwenye diski. Harusi ya fundi mwenzake ilipotea yote kompyuta ya studio ilipoungua, ndiyo maana. Rudia alicheka, akasema tangu aanze kazi hajaona mteja aliyefungua hiyo diski, akatia sahihi. Mama hakuwepo siku hiyo, wala hatukuona sababu ya kumwambia.

Sasa mama. Unajua mwenyewe tulikotoka. Baba alipofariki, mama akaolewa kwingine, na huko alikoolewa mtoto wa mtu mwingine hakutakiwa. Ukanichukua wewe. Sijawahi kumsema mama kwa hilo, na wewe hukuniruhusu kumsema, ulikuwa unaniambia mama ni mama. Aliporudi nikiwa na kazi na chumba changu, nilimpokea. Nilipopanga harusi nikaweka viti viwili mbele upande wangu, chako na chake, vimefungwa utepe wa rangi moja. Nilimwonyesha wiki mbili kabla. Akatabasamu, akasema ndivyo inavyotakiwa, aliyezaa na aliyelea. Alilitamka vizuri, Shangazi, mpaka nikamkumbatia.

Asubuhi ya harusi nilikuwa kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi, msusi kichwani, mpambaji usoni. Mama akanichukua simu. Alisema bibi harusi hashiki simu siku yake, yeye atapokea kila anayepiga. Nikaona huruma ya mama. Rudia naye akaja na vinasa sauti vyake, vidogo, kila kimoja kama punje ya haragwe. Ana kawaida ya kuwafunga wazungumzaji mapema na kuviacha vikirekodi siku nzima, kwa sababu anasema wazee wakifungwafungwa waya mbele za watu, maneno yote yanawatoroka. Mama alikuwa na nasaha za kunipa mbele ya wageni saa tisa. Akafungwa chake ndani ya ukosi wa gauni, akatoka.

Saa saba na nusu akarudi, uso umemshuka. Akaniambia umepiga simu, kwamba huji. Kwamba umesema huwezi kukaa safu moja na mwanamke aliyetupa mtoto, na kwamba mimi kwa kumweka mbele nimeshachagua upande. Nikamwomba simu niangalie. Kweli, jina lako lipo, simu imepokelewa, dakika mbili na ushee. Ningetaka ushahidi gani tena? Na maneno yenyewe, Mungu anisamehe, niliyasikia kwa sauti yako. Wewe si mtu wa kupaka mafuta maneno, nikasema ndivyo angesema.

Msusi alilazimika kunifuta uso mara mbili. Nilitaka kukupigia, mama akanishika mkono, akasema usijidhalilishe siku yako, mwache, hasira zikipoa atajirudi. Rudia akaja kuniuliza kiti kimoja mbele kibaki wazi au kiondolewe, maana pengo litaonekana kwenye picha. Nikasema kiondolewe. Hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu, na hakuna mtu wa kumsingizia.

Siku tatu baadaye nikakutumia ule ujumbe. Nauandika tena hapa ili usidhani nimeusahau: "Asante kwa kunionyesha thamani yangu. Mama yangu ni mmoja. Usinitafute tena." Nawe ukajibu: "Sawa mwanangu. Mungu akutunze." Basi. Nikaisoma ile nikasema, ona kiburi cha mtu, hata kujitetea hajitetei. Nikalifuta jina lako kwenye simu. Namba nilishindwa kuifuta, naijua kwa moyo tangu darasa la pili.

Filamu ilichukua miezi saba. Kila tukiuliza, wiki ijayo. Mafundi cherehani wamepata ndugu. Ilipofika ilikuwa nzuri, sitasema uongo, mpaka mshereheshaji aliyetuchosha siku ile alionekana mtu wa maana. Mama yuko katikati ya kila kitu. Alichukua nakala yake na kila mgeni aliyekanyaga kwake aliwekewa. Diski ya picha ghafi tuliitia kwenye droo, pamoja na hati ya dhamana ya friji.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akatuuliza kama kuna mahali popote mzee anasikika akiongea. Kwenye filamu anaonekana sekunde nne, anapiga makofi. Mume wangu akakumbuka diski. Basi Jumamosi ile tukakaa watatu mbele ya kompyuta, tukaanza kumtafuta mzee. Rudia alikuwa ameacha kamera moja kwenye ngazi za ukumbi, imeelekezwa getini, inapiga wageni wakiingia. Na mzee alikuwa hapo getini kutwa, amejipa kazi ya kupokea watu. Tukamwona anacheka, anashikana mikono, anamsifia mtoto wa mtu viatu. Mama mkwe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Halafu ikasimama teksi. Ukashuka wewe. Gauni la bluu, ile bluu tuliyoichagua pamoja kwenye simu, na kitambaa cha kichwani cha rangi hiyo hiyo. Mzee akakupokea begi. Hakukujua, lakini begi alikupokea. Mama mkwe akauliza, huyo mama aliyependeza hivyo ni nani? Nikamjibu, ni shangazi yangu. Nilishalisema ndipo nikasikia nimesema nini.

Mama akaja kutoka ndani kwa haraka, akamwambia mzee kitu, mzee akaweka begi chini akarudi kwa wageni wengine. Mkasimama pembeni, wewe na mama. Sauti ya kamera ilikuwa upepo mtupu na magari. Mume wangu ndiye aliyeona folda nyingine imeandikwa "Sauti, mama wa bibi harusi". Akalinganisha saa na saa, kama anavyofanya kazi zake, kimya kimya. Akaweka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani kama walijua kwamba siku moja kitarekodiwa humo humo nguoni, kila pumzi.

Nimeisikiliza mara nyingi, naijua yote. Kwanza ni ile simu yako ya dakika mbili, mama anakuitikia kwamba ukifika atakupokea getini. Mama anasema, "Wifi, usinione mbaya, mimi natumwa. Mtoto mwenyewe amesema leo anataka mama mmoja." Wewe unauliza, "Amesema mwenyewe?" Anajibu, "Kwa mdomo wake. Amesema ukiingia wewe, yeye anatoka."

Nikangoja umkemee. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nikikungoja. Nawe, Shangazi, ukauliza, "Amekula?"

Mama hakukuelewa. Ukarudia, "Nauliza amekula. Akiwa na wasiwasi hali, halafu anaanguka. Mpeni hata chai, muitie sukari nyingi." Ndivyo ulivyosema. Umefukuzwa getini baada ya siku mbili za safari, na goti lile, na unauliza kama nimekula. Basi ujue, hiyo chai sikuletewa. Sikutia kitu mdomoni mpaka saa kumi na mbili jioni.

Kwenye picha unaonekana umesimama kando ya teksi, unanyoosha kitambaa cha kichwani, unakinyoosha tena, kana kwamba bado utaingia. Kisha unapanda. Na ndani ya ukosi wa mama inasikika anamwambia mlinzi wa geti, "Huyo akirudi, usimfungulie." Mama mkwe alizima kompyuta yeye mwenyewe. Akanishika kichwa akakiweka kifuani kwake, na siku ile tulikuwa tumekuja kumlilia mumewe.

Jumatatu saa ya chakula nilikwenda kwa Rudia. Sikusalimia. Nikamwambia, geti. Akavua vile vya masikioni akaniangalia. Alisema mama alimfuata wiki ile ile ya harusi, akamwambia kulikuwa na ndugu aliyeleta fujo getini, familia imekubaliana kipande kile kitolewe. Akasema kila harusi ina mtu wa kukatwa, dada: mke wa zamani, mjomba mlevi, rafiki aliyegombana. Yeye akiambiwa na mama wa bibi harusi, anatoa. Nikamuuliza kama na sauti aliisikia. Akakiri kwamba aliisikia wakati wa kutengeneza. Akasema ndiyo maana diski aliileta mwenyewe mpaka mlangoni badala ya kuituma, akatuambia siku moja tuifungue. Ni kweli, alituambia. Lakini kumwambia hivyo mtu asiyejua kitu ni sawa na kumkonyeza gizani. Nilimpa maneno mazito, na sehemu ya maneno hayo haikuwa yake, ilikuwa ya mama. Angetaka angeifuta, nami nisingejua mpaka naingia kaburini. Hakufuta. Sijui nimweke kundi gani.

Kwa mama nilikwenda Jumatano nikitoka kazini. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nikaweka simu juu ya zile nguo, nikaiacha iseme. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka lile la mlinzi. Hakukana. Alishika soksi moja akawa anaitafuta mwenzake huku iko mbele yake. Kisha akasema, "Yeye alikuwa na siku zako zote. Mimi nilitaka moja."

Nitakuambia ukweli, hapo kidogo nimwonee huruma. Nilikuwa nimeshaanza. Maana ningeweza kumpa siku nyingi tu, ningempa hata zile nilizokuwa sina, na viti nilishaweka viwili. Nikangoja neno linalofuata, nikijua litakuwa nisamehe. Akauliza, "Nani mwingine amesikia?"

Shangazi, nimesalitiwa na watu, si mara ya kwanza. Kuna yule rafiki wa chuo unayemjua. Lakini huyu alinifuta machozi ambayo aliyaleta yeye. Alinishika mkono nisikupigie simu, kwa mkono ule ule uliokuonyesha njia ya kurudi. Akasimama saa tisa mbele ya watu, na kile kinasa sauti ukosini, akanipa nasaha za ndoa, kwamba msingi wa nyumba ni ukweli. Ipo kwenye filamu, imewekewa na muziki. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miezi kumi na minne, na ingeendelea kama mzee wa watu asingefariki.

Usiniulize nitafanya nini naye, sijui. Ufunguo wa kwangu nimeuchukua. Ananipigia, sipokei, halafu nakaa naitazama simu. Wewe ndiye uliyenifundisha mama ni mama, basi siku moja utanieleza maana yake, maana kwa sasa sioni.

Lakini sikuandika barua hii kumsema mama. Nimeandika kwa sababu ya ule ujumbe wangu. Mama alikuambia getini nataka mama mmoja. Siku tatu baadaye nami nikakuandikia kwa vidole vyangu, mama yangu ni mmoja. Bila kujua niliupiga muhuri uongo wake. Kama ulikuwa na tone la shaka, kama njiani ulikuwa unajiambia hapana, yule mtoto hawezi kusema hivyo, mimi ndiye niliyekumalizia. Nikifikiri ulikuwa wapi ulipousoma, kama ulikuwa umekaa au umesimama, nashindwa kuendelea na kazi. Juzi nilimpangia mtu miadi ya kung'olewa jino Jumapili.

Na wewe pia nina neno nawe, uniwie radhi, hasira hazijui adabu. Wewe ulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, siku niliporudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu. Hukuondoka mpaka nikaingia darasani. Mwanamke yule, getini, akarudi kwa neno moja la wifi yake? Kwa nini hukupiga kelele? Ungesema aje aniambie mwenyewe. Ningetoka na gauni lote na mkia wake, na Rudia angepata kitu cha kupiga.

Halafu najijibu. Ulirudi kwa sababu uliona inawezekana. Kwamba mtoto uliyemlea akishapendeza na kupata watu, anaweza kukuona umezidi. Na mimi niliamini kwa sababu niliona inawezekana, kwamba una kinyongo ulichokificha miaka yote ya kunilea. Mama hakutupa kazi kubwa. Kila mmoja wetu alikuwa na kaufa kake tayari, yeye alitia kidole tu. Hapo ndipo panaponiuma kuliko hata yeye.

Rudia ameitengeneza upya filamu, kwa hiari yake, nami sikumzuia. Nimemwambia asipambe, asiweke muziki, kipande cha getini kikae mahali pake kama kilivyotokea, teksi mpaka teksi. Ile ya zamani sitaki kuiona. Mume wangu hii mpya ameipokea vizuri, ila ameomba chozi lake la kurudia litolewe libaki la kwanza. Nakala yako ninayo, sikuitia kwenye bahasha, kwa sababu sitaki uitazame ukiwa peke yako.

Nisalimie kaka Mrefu, mwambie sijamsahau, na kama ameninunia ana haki. Nisalimie mkewe na hao mapacha, wabusu kila mmoja bila kupendelea, nasikia mmoja ndiye mlizi. Mume wangu anakusalimu kwa heshima zote. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema wewe ni mgeni wa mwisho aliyemwona akipokewa begi na mumewe na angependa siku moja akuone uso kwa uso. Mungu akupe afya, alilinde goti lako, na akuzidishie siku ambazo mimi nilizipoteza.

Nimeomba likizo, daktari amenipa siku nane. Nitafika kwenu Ijumaa, tarehe 26, kwa basi la mchana. Usije kunipokea. Nitagonga geti mwenyewe. Na akitokea Mrefu, au mkewe, au jirani, au yeyote yule, akaniambia kwamba hutaki kuniona, sitarudi stendi. Nitaweka begi chini nilikalie, hapo hapo nje, iwe jua iwe mvua, mpaka utoke uniambie mwenyewe. Ukisema niondoke, nitaondoka. Lakini safari hii nisikie kwako.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye hata pale nilipokuumiza,

Chiriku